Mafua makali kwenye nyumba ya kupanga: mwongozo kamili tangu siku ya kwanza hadi kikohozi kiishe

Miongozo mingi ya kujitenga iliandikwa kwa mtu mwenye chumba chake, choo chake na kitanda cha ziada cha mgeni. Huu ni wa yule anayeishi chumba na sebule Mbagala au Manzese, korido moja na wapangaji wengine, choo cha pamoja uani, bomba moja. Jana jioni koo lilikuwa linawasha. Leo umeamka mwili unauma kama wa mtu aliyebeba zege kutwa, pua imeziba, homa imepanda, na watoto wawili wamelala pembeni yako chini ya chandarua kimoja.

Anzia kwenye jambo ambalo dukani hutaambiwa. Virusi vya njia ya hewa, iwe influenza, UVIKO-19 au vile vya mafua ya kawaida, kwa watu wengi huondolewa na mwili wenyewe. Hakuna kidonge cha kununua kwa buku mbili kitakachoviua. Kazi yako wewe mgonjwa ni mbili tu: usimwambukize yule ambaye mwili wake hautamudu, na usichelewe kwenda hospitali pale hali inapogeuka. Mengine yote ni ya kujipa nafuu, na nafuu ni haki yako, lakini usiichanganye na tiba.

Siku ya kwanza: usijipachike ugonjwa

Ukiwa na homa ukanda huu, kabla ya kusema "haya ni mafua tu" nenda kapime malaria. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kinatoa jibu ndani ya nusu saa kwenye zahanati yoyote. Usemi uliozoeleka kwenye matangazo kwamba sio kila homa ni malaria ni wa kweli, ila una upande wa pili: mafua hayamzuii mtu kuwa na malaria wakati huohuo. Mtoto mwenye pua inayotiririka anaweza kuwa na vyote viwili, na malaria haisubiri.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna la ziada, dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu. Ililipuka mwaka 2014, ikarudi kwa kishindo 2019. Homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma, na mara nyingi pua ni kavu na kikohozi hakuna. Kwa sababu hiyo, mpaka ujue unaumwa nini, dawa ya homa na maumivu iwe parasetamoli peke yake. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kumletea mgonjwa wa dengi kuvuja damu.

Kipimo cha UVIKO-19 au cha influenza ukikipata, pima, hasa kama nyumbani kuna mzee au mtu mwenye maradhi ya kudumu. Jua tu kwamba kipimo cha haraka cha UVIKO kikisoma hasi siku ya kwanza hakijakusafisha. Rudia baada ya siku mbili. Usipokipata, usihangaike. Jihesabu una kitu cha kuambukiza na ufuate hatua zilizo hapa chini, maana hazibadiliki sana kati ya kirusi na kirusi.

Kuna tahadhari moja kwa wazazi. Mtoto mwenye homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, kisha vipele vinavyoanzia usoni kushuka mwilini, huenda ana surua. Huyo usimkalishe kwenye benchi la kliniki pamoja na wachanga. Mwambie mhudumu ukiwa bado mlangoni.

Saa hiyohiyo: nani yuko hatarini humu ndani?

Kabla ya kutafuta ndimu, hesabu watu. Mama mjamzito, mtoto mchanga, mtu aliyevuka miaka 60, mwenye pumu, kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, anayeishi na VVU, mwenye selimundu (sickle cell). Kama mmoja wao yuko humo, mipango yote ya kulala, kula na kukaa ipangwe kwa ajili yake kwanza, wewe baadaye. Bibi aliyekuja kutoka kijijini kwa matibabu ya macho ahamie chumba cha jirani au cha binti yake mwingine leo, kabla hajaanza kukohoa, si kesho.

Na kama mgonjwa mwenyewe ni mmoja wao, usisubiri kuzidiwa. Influenza ina dawa ya hospitali, oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Si kila kituo kinayo, lakini ukienda siku ya tano hata kilicho nayo hakitakusaidia sana. Homa kwa mtoto wa selimundu ni dharura ya siku hiyohiyo, hata akiwa anacheza. Mwenye kisukari asiache insulini kwa sababu ameshindwa kula vizuri. Apime sukari mara nyingi zaidi na anywe maji. Anayetumia ARV asiruke dozi hata moja. Mwenye pumu aiweke pampu yake mfukoni, siyo kabatini.

Hewa kwanza, sabuni baadaye

Mwaka 2020 tulifundishwa kunawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, na ndoo za maji tiririka zikajaa kila mlango wa duka. Kunawa ni vizuri, endelea nako: sabuni, sekunde 20, hasa ukitoka kupenga kamasi. Lakini virusi hivi husafiri zaidi hewani, katika chembechembe unazotoa ukikohoa, ukiongea, hata ukipumua tu. Chumba kilichofungwa, chenye watu wanne waliolala hadi alfajiri, ndipo maambukizi yanapotokea.

Hapa nyumba ya korido ina mtego wake. Watu wengi wakiambiwa wafungue hewa hufungua mlango, na mlango unatazama korido. Hewa yako yote inaenda kwa wapangaji wenzako. Fanya kinyume: funga mlango wa korido, ziba upenyo wa chini kwa kanga iliyokunjwa, fungua dirisha la nje lote, pazia lisogezwe. Feni ya kusimama usiielekeze kitandani. Iweke karibu na dirisha ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke. Feni ya dari haitoi hewa nje, inaizungusha tu, kwa hiyo ukiiwasha dirisha likiwa limefungwa unawagawia wenzako sawasawa.

Mbu wataingia, najua. Ndiyo maana chandarua kibaki, na mgonjwa apate chake peke yake kama kipo cha pili. Kama hakuna chumba cha kumtenga, mgonjwa alale upande wa dirisha, wengine wakae mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, vichwa vielekee pande tofauti. Mita moja ni bora kuliko hakuna.

Mchana mgonjwa atoke nje. Hili huwashangaza watu, lakini kukaa kivulini uani au barazani, hatua kadhaa mbali na wengine, ni salama zaidi kwa familia kuliko kujifungia ndani na mlango wazi. Wageni wanaokuja kumwona mgonjwa wapokelewe hukohuko. Hakuna anayekasirika akiambiwa kwa upole: "Nimezipokea pole zako, lakini kaa hapohapo usije ukaondoka nayo." Mkono mtapeana wiki ijayo.

Barakoa ivaliwe na mgonjwa anapoingia korido, chooni, bombani, na pale anapolazimika kukaa ndani na wengine. Ya kitabibu inatosha, ikaze puani na ifike chini ya kidevu. Anayemuuguza avae pia. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha, maana maziwa yake yanampa mtoto kinga. Avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika.

Vyombo vioshwe kwa sabuni kama kawaida, havihitaji kuchemshwa. Kitasa cha choo na koki ya bomba vifutwe kwa maji yenye jiki kidogo, kwa kipimo cha kwenye chupa. Jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaunguza mapafu ambayo tayari yanaumwa.

Bahasha ya kaki

Sasa tuje dukani, maana hapa ndipo pesa zinapopotea na watu wanapoumia. Unafika duka la dawa, unasema "nipe dawa ya mafua na kifua". Muuzaji hakuulizi umri, ujauzito wala unatumia dawa gani nyingine. Anachana bahasha ndogo ya kaki, anadondosha vidonge vya rangi nne, anaandika 1x3 kwa peni, imeisha. Mle ndani kwa kawaida kuna kapsuli za amoksilini au azithromaisini, kidonge cha mzio, dawa ya maumivu, na wakati mwingine vidonge vidogo vya prednisoloni "vya kufungua kifua".

Tuvichambue. Antibayotiki huua bakteria, kwa kirusi hazifanyi lolote, na kila ukizitumia ovyo unalea vimelea sugu ambavyo siku ukipata nimonia ya kweli havitasikia dawa. Prednisoloni ni steroidi, dawa inayopoza uvimbe na kushusha kinga. Mgonjwa wa UVIKO aliyelazwa kwenye oksijeni husaidiwa na steroidi, lakini mtu mwenye mafua aliye nyumbani hupunguziwa kinga bila faida, na mwenye kisukari sukari yake inapaa. Kidonge cha mzio kitakausha pua kidogo na kukupa usingizi; si kibaya, ila usiendeshe bodaboda baada ya kukimeza. Dawa ya maumivu ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu vidonge vingi vya mafua na vya maumivu vina parasetamoli ndani yake. Ukimeza hicho, ukaongeza na parasetamoli yenyewe, umezidisha dozi bila kujua, na ini halitoi onyo mapema.

Kwa hiyo agiza kwa jina. Mtu mzima: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Anayekunywa pombe sana au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara nne kwa siku mwisho. Wa kilo 10 anahitaji kati ya 100 na 150 kwa dozi moja, na chupa nyingi za parasetamoli ya maji ni miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo mililita 5 zinamtosha. Soma chupa lakini, kwani zipo za 250 kwa kipimo hichohicho, na kijiko cha sukari si kipimo. Aspirini asipewe mtoto. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hapewi dawa yoyote nyumbani, anapelekwa hospitali.

Kunywa, kula, na habari ya nyungu

Homa hukausha mwili. Kunywa mpaka mkojo uwe wa rangi nyepesi: maji, uji mwepesi, supu, madafu, chai ya tangawizi na ndimu. Ukiwa unatapika au kuharisha, changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa maji safi kama pakiti inavyosema. Kama haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vipimwe kwa kusawazishwa. Chumvi isizidi.

Koo likiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asali hutuliza kikohozi, hata kwa watoto, ila kwa aliye chini ya mwaka mmoja ni marufuku kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, sumu inayopooza misuli. Mtoto anayenyonya ambaye pua imeziba hawezi kupumua na kunyonya kwa pamoja: mdondoshee matone ya maji ya chumvi ya dukani puani, msafishe, ndipo umpe ziwa.

Kujifukiza, yaani nyungu, sikukatazi kama mtu mzima anapenda. Mvuke hulegeza kamasi, kichwa kinakuwa chepesi kwa muda. Hauui kirusi kilicho mwilini. Ninachokipinga ni namna tunavyofanya: sufuria la mwarobaini na mchaichai likitokota, watu watatu chini ya blanketi moja, mgonjwa katikati. Hakuna njia bora ya kuwaambukiza wawili waliobaki. Fanya peke yako, sufuria limeshaepuliwa na limekaa chini imara. Watoto wasiingizwe kabisa, wanaungua. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu yoyote, iwe nyungu au baridi ya Mbeya, gesi yake inaua watu wamelala.

Namna ya kumtazama mgonjwa

Homa peke yake haikuelezi mengi. Pumzi ndiyo inayosema. Kwa mtoto, msubiri atulie au alale, mfunue nguo mpaka tumboni, weka simu kwenye saa ya kuhesabu dakika, kisha hesabu kila kifua kinapopanda, dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta hewa na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, mbebe mwende hospitali. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke vizuri.

Mtu mzima aende hospitali bila kusubiri asubuhi iwapo:

- hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, au anapumua mara 30 na zaidi kwa dakika
- kifua kinabana au kuna kichomi kisichoachia
- amechanganyikiwa, au hakojoi kutwa nzima
- midomo, ulimi au fizi zimekuwa za kijivu au bluu. Kwa ngozi yetu usitazame uso, tazama ndani ya mdomo na kwenye kucha

Ukipata kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kitumie kwenye kidole kisicho na rangi ya kucha wala piko, mkono ukiwa na joto, mgonjwa ametulia. Chini ya 94 nenda kaonwe. Chini ya 90 ni dharura. Vipimo hivi vina kawaida ya kusoma juu kidogo kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtu anayehema huku kidude kinaonyesha 95, amini pumzi yake, siyo kidude. Kwa Tanzania, ukihitaji ushauri kabla ya kutoka, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Siku ya hatari zaidi mara nyingi siyo ya kwanza. Mtu anapata nafuu siku ya nne, anaoga, anarudi kibandani kwake, kisha siku ya sita au ya saba homa inarudi na makohozi yanakuwa mazito, ya njano au ya rangi ya kutu. Hapo huenda nimonia ya bakteria imepanda juu ya kirusi, na sasa antibayotiki ina kazi, kwa cheti cha daktari. UVIKO nayo ina tabia ya kumgeuka mtu wiki ya pili. Ukishapona nusu usiache kujitazama.

Kurudi kwenye watu

Influenza huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baada yake, na siku tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Watoto huendelea kwa muda mrefu. UVIKO inaweza kufika siku kumi. Kanuni rahisi ya kufuata: homa iwe imekata saa 24 nzima bila kumeza parasetamoli, na dalili nyingine zinapungua. Hapo unaweza kutoka, ila kwa siku tano zinazofuata vaa barakoa ndani ya daladala, ofisini na msikitini au kanisani, kaa dirishani, na usimbebe mtoto wa jirani.

Mwenye ajira Tanzania aombe ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku saba kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Mama ntilie na dereva wa bodaboda hawana wa kumpelekea cheti. Kwao nasema wazi: ukishindwa kupumzika siku zote, zipiganie tatu za kwanza. Mwenzako apike na kupakua, wewe kaa na hesabu ya pesa kwa simu.

Usirudi mpirani wala gym wiki hiyohiyo. Anza kwa kutembea. Moyo ukienda mbio bila sababu au kifua kikiuma unapojitahidi, acha na ukapimwe.

Kikohozi kisichoisha

Kikohozi kikavu baada ya kirusi kinaweza kuendelea wiki tatu, hata nane, na mtu akawa hana tena cha kuambukiza. Kingekuwa kitu cha kungoja tu kama tungekuwa tunaishi pasipo na kifua kikuu. Kwetu, kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinapimwa, hata kama una hakika kilianza na mafua. Hasa ukitoka jasho usiku, ukipungua uzito, au makohozi yakiwa na damu.

Utapewa kikopo. Toa makohozi asubuhi kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji matupu, ukiwa nje kwenye hewa wazi na siyo chooni. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Mate hayapimiki. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na jibu likiwa ndiyo, watoto wote wa chini ya miaka mitano unaolala nao chumba kimoja wapelekwe siku hiyohiyo kuchunguzwa.